Kasiksi ya siku ya pili na sambaza: somo la kuonja divai za Kivu

BUKAVU – Anayeuza divai ya Ulaya anakuonyesha mwaka ulioandikwa kwenye chupa. Anayeuza kasiksi anakutajia siku: hii ni ya jana, hii ni ya juzi, ile ya bidoni ya buluu ni ya tangu siku ya tatu. Wanywaji wengi wa hapa mjini wakisikia hivyo wanauliza jambo moja tu, kama italewesha upesi. Lakini ni hiyo siku inayoamua chakula gani kiwekwe kando ya glasi. Mama mmoja wa Kadutu amekuwa akifundisha hilo kwa majirani na wateja wake, na kwa muda wa posho nne alinipokea na mimi, mtu ambaye katika vinywaji alijua bia tu, ya baridi au isiyo ya baridi.

Mama ameomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu ana madeni na wateja wenye maneno. Ni mjane, mzaliwa wa Kabare, na watoto wake wawili bado wako shuleni. Anatengeneza vinywaji vitatu: kasiksi ya ndizi, divai ya marakuja na divai ya nanasi. Hana stashahada ya kazi hiyo. Kasiksi aliifunzwa na mama mkwe wake, na divai za matunda aliziiga kwa masista waliokuwa wakikamua matunda kwa wageni wao, kisha akaendelea kujaribu mwenyewe kwa miaka.

Kuna wanaokataa kuita vinywaji hivi divai. Kwa upande wa Misa wana haki: kanuni ya 924 ya sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai iliyotoka katika tunda la mzabibu, basi hata marakuja nzuri namna gani haitafika altareni. Ila mezani kwetu hakuna kanuni kama hiyo. Kazi inayofanyika ndani ya bidoni ni ile ile inayofanyika ndani ya mapipa ya Ufaransa: chachu inakula sukari ya tunda, inatoa pombe na hewa yenye mapovu. Kinachobadilika ni tunda, na uvumilivu wa mtengenezaji.

Siku moja ya kasiksi si sawa na nyingine

Kwanza ndizi zenyewe. Si kila ndizi inatoa kasiksi. Kuna bitoke za kupika, kuna za kula zikiiva, kuna makemba, na kuna ndizi za pombe ambazo zikiwa mbichi zinakaza ulimi hata nyani anaziacha. Hizo ndizo zinazovunwa zikiwa zimekomaa, zinazikwa ndani ya shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani ya mgomba, zinakaa humo siku nne au tano mpaka ziive zote pamoja. Zinamenywa, zinakandwa na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Kazi ya nyasi ni kushika nyama ya ndizi ili maji yatoke peke yake. Maji hayo ndiyo mutobe, mtamu, ambao watoto wanakunywa bila shida. Ukiongeza unga wa mtama uliokaangwa na kufunika mahali pa joto, usiku huo huo kazi inaanza.

Mtama unaleta mambo mawili. Unaamsha uchachu, na unaacha ukali fulani unaobana mashavu kama chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Wanaojua divai nyekundu ya zabibu wanatafuta hali hiyo hiyo, ambayo kwao inatoka kwenye maganda na kokwa za tunda.

Posho ya kwanza mama aliweka glasi tatu za kasiksi, ya siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote kutoka mkamuo wa namna moja. Alikataza kunywa mara moja. Kwanza kuangalia: ya kwanza ina rangi ya mchanga na povu zito, ya tatu imeanza kutulia na unga umeshuka chini. Kiisha kunusa, mdomo ukiwa umefungwa, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachoita ladha inapitia puani. Mtu mwenye mafua anajua hilo. Mwishoni kunywa kidogo, kuzungusha mdomoni, kumeza, na kuhesabu ladha inakaa muda gani. Kati ya glasi moja na nyingine, maji na kipande cha bitoke iliyochemshwa bila chumvi. Alisema mkate unafaa pia, ila mkate wa hapa una sukari nyingi na unadanganya ulimi.

Ya siku ya kwanza ilikuwa bado karibu na mutobe: utamu mbele, mapovu kidogo. Ya pili utamu ulikuwa umepungua, uchachu umeingia, na mtama ulisikika. Ya tatu ilikuwa kavu, yenye nguvu, na uchungu nyuma ya ulimi. Glasi ya nne ilikuja baadaye, ya siku ya tano, kwa kunusa tu. Ilinukia siki. Hiyo mama hauzi. Analowesha ndani yake nyama ngumu ya mbuzi kabla ya kuchoma, na nyama inalainika.

Kisha chakula kikaja, na hapo ndipo somo lilipokuwa la kweli.

Sambaza za kukaanga, zenye chumvi, na kasiksi ya siku ya pili: huo ndio mwanzo ambao ningempa yeyote. Mafuta yanafunika ulimi, mapovu na uchachu vinayafuta, na samaki wa pili anakuwa na ladha kama wa kwanza. Ukinywa ya siku ya kwanza, utamu unabaki juu ya mafuta na unachoka mapema. Ukinywa ya siku ya tatu, uchungu unamezea samaki mdogo huyo. Inafaa kukumbuka kwamba sambaza si mzaliwa wa ziwa letu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna nganda ya Bukavu au Goma isiyomuuza. Kasiksi ilimkuta, ikamzoea.

Kwa kuku mwenye pilipili, mambo yanageuka. Pombe kali inaongeza moto wa pilipili, utamu unaupunguza. Basi hapo inatakiwa ya siku ya kwanza, ile ambayo wanaume wa mtaa wanaidharau na kuiita ya wanawake. Niliona wawili wao wakitoka jasho na ya siku ya tatu mkononi, wakikataa kubadilisha kwa ajili ya heshima.

Ya siku ya tatu ina mahali pake: michopo ya mbuzi, yenye mafuta pembeni na sehemu iliyoungua kidogo. Mafuta ya mbuzi yanalainisha ukali wa mtama, na ukali unakata mafuta.

Ni kwa maharagi tulikosana kidogo. Mama anayapenda na ya siku ya tatu. Kwangu maharagi yaliyoungwa na mawese yanataka ya siku ya pili, na niliendelea kusema hivyo mpaka akacheka na kunipakulia tena.

Marakuja, nanasi na fromaji ya Masisi

Divai za matunda zinataka subira nyingine. Marakuja zinakamuliwa, zinaongezwa maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari, na levire kidogo. Bidoni inafungwa vizuri, na kwenye kifuniko inapita mpira mdogo ambao mwisho wake umezama ndani ya chupa ya maji. Hewa inatoka kwa mapovu, ya nje haiingii. Hewa ya nje ikiingia, vijidudu vya siki vinafanya kazi yao na mama anapoteza bidoni nzima. Mapovu yakikoma, baada ya wiki mbili au tatu au zaidi kadiri ya baridi ya nyumba, divai inahamishwa kwenye bidoni nyingine, mashapo yanaachwa chini. Atarudia hivyo mara mbili au tatu, mpaka uweze kusoma gazeti kupitia glasi.

Marakuja yake ni kavu na chachu sana. Kuinywa peke yake ni kama adhabu, nasema kweli. Lakini mama alikata kipande cha fromaji ya Masisi, ile ya duara yenye ganda la njano, akaagiza kutafuna kwanza na kunywa baadaye. Chumvi na mafuta ya fromaji vilishika uchachu, na harufu ya tunda ikapanda puani kama ndipo tu imepasuliwa. Katika meza zote za posho hizo nne, hilo ndilo jambo lililonishangaza zaidi. Mtu wa Goma au wa Bukavu ana fromaji hiyo sokoni na ana marakuja sokoni, na anavila maisha yake yote kila kimoja peke yake.

Inafaa pia na tilapia ya kuchoma iliyotiwa ndimu. Sababu ni ya kawaida: kinywaji kikiwa na uchachu kidogo kuliko chakula, kinakuwa kama maji. Chakula kichachu kinataka kinywaji kichachu zaidi. Kanuni hiyo hiyo kwa utamu: ukila keki ya harusi na divai kavu, divai inageuka kuwa dawa ya malaria.

Nanasi, ambayo anaipata hasa kwa mashua kutoka kisiwa cha Idjwi, anaiacha na utamu kidogo. Iko sawa na nguruwe ya kukaanga na na karanga zenye chumvi. Ilishinda mahali ambapo sikutegemea: na sombe. Majani ya muhogo yana uchungu wao. Kasiksi ya siku ya tatu ikiongeza wake, mdomo unakuwa kama umelamba kuni. Utamu wa nanasi unapatanisha. Na bugali? Bugali haina maoni, inakubali wote.

Mashanza, ile jibini laini ya Bushi, ililetwa posho ya tatu na jirani aliyetoka Walungu. Mama aliiweka na mutobe usiochacha, kama walivyokuwa wakila alipokuwa msichana. Mimi niliiona nzuri zaidi na kasiksi ya siku ya pili, na jirani akawa upande wangu. Tuliacha hivyo.

Siku hiyo hiyo mtu alileta divai nyekundu ya boksi, ya ng'ambo, ile inayoonekana katika harusi zote za mji ikiwekwa mbele ya kila sahani. Tuliinywa na sambaza. Mdomoni ilibaki ladha ya chuma, kama umeuma msumari. Divai nyekundu na samaki wa mafuta mara nyingi hufanya hivyo, hata divai ikiwa ya bei. Na michopo ilikuwa sawa kabisa. Hakuna aliyesema kwamba ya ng'ambo ni mbaya. Ilikuwa tu imekaribishwa kwenye sahani isiyo yake, na harusini inakaribishwa hivyo kila siku ya posho.

Ndizi zilizokufa Kabare

Mama hakuanza divai za matunda kwa kupenda. Shamba lake la Kabare lilikuwa la ndizi za pombe, na ndizi hizo zililipa minervali ya watoto wake wakubwa, muhula kwa muhula. Kisha majani yakaanza kuwa ya njano na kulala kama yamemwagiwa maji ya moto, matunda yakaiva kabla ya wakati, na ukikata shina unaona usaha wa njano ukitoka. Ni mnyauko wa ndizi, ugonjwa unaoletwa na bakteria. Katika nchi yetu ulionekana mara ya kwanza Masisi mwaka 2001, na toka huko ukashuka Kivu zote mbili.

Ugonjwa huo una ubaya wa pekee kwa wanaotengeneza kasiksi. Wadudu wanaofuata utamu wa ua la kiume la mgomba wanaubeba kutoka shamba hadi shamba, na baadhi ya ndizi za pombe ni kati ya zile zinazoshikwa kwa urahisi zaidi kwa njia hiyo. Panga linafanya kazi iliyobaki: unakata mgomba mgonjwa, unaenda kwa mzima na panga lile lile. Dawa ya kuponya haipo. Kilichopo ni adabu ya shamba. Ua la kiume livunjwe kwa mti wenye panda, bila panga, mara tu mkungu unapomaliza kutokea. Panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa jik kati ya mgomba na mgomba. Shina lililougua likatwe mapema chini kabisa, hata kama mkungu wake unaonekana bado mzuri, na hapo ndipo wakulima wengi wanashindwa, kwa maana mkungu huo ni feza wanayoiona kwa macho.

Mama alipoteza karibu shamba lote kabla ya kufunzwa hayo. Leo ananunua ndizi kwa wengine, mara nyingi Idjwi, na bei inabadilika pamoja na upepo wa ziwa na hali ya usalama. Tangu mji wa Bukavu ulipochukuliwa na AFC/M23 mwezi wa pili 2025, feza mikononi mwa watu zimepungua na wateja wanakunywa kwa deni. Kasiksi haiwezi kungoja deni. Siku ya nne imekwisha kuwa siki. Divai ya marakuja inaweza kungoja mwaka. Kwa mjane mwenye watoto shuleni, tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya anunue bidoni nyingine tatu na mpira.

Ndiyo maana anashikilia hili jambo la chakula. Kasiksi kwenye nganda inauzwa kwa wingi wake, kopo kubwa kwa bei ndogo, na anayetengeneza vizuri analipwa sawa na anayetengeneza vibaya. Ikiwekwa kwenye meza ya restora, glasi ndogo kando ya sahani ya sambaza, na siku yake ikatajwa, mnywaji analipa ladha. Mama anadai kwamba hata ulevi unapungua, kwa sababu mtu anayekula anakunywa polepole. Hapo ningeongeza tahadhari: divai ya matunda iliyochacha mpaka kukauka inaweza kufika mara mbili ya nguvu ya bia na zaidi, wala haitangazi hilo mdomoni. Aliyezoea chupa kubwa asiipime kwa macho ya bia, na mwenye moto arudi nyumbani kwa miguu.

Kuna pia swali ambalo wasomaji watauliza, kama ni salama. Kasiksi na divai hizi hazichemshwi kwa mvuke kama kanyanga au lotoko, kwa hiyo si za kuwekwa kwenye mfuko mmoja na pombe hizo kali zinazopofusha watu zikitengenezwa vibaya. Hatari yao iko kwenye maji na vyombo. Katika jimbo ambalo kipindupindu hakijawahi kutuaga, maji ya kuongeza lazima yachemshwe, na bidoni ioshwe kwa maji ya moto, si kusuuzwa tu. Kabla ya kununua, omba kuona mahali panapokamuliwa. Mtengenezaji mzuri hatakasirika. Na anayetaka kuuza kwenye maduka atapaswa kupita OCC kwa uchunguzi. Mama bado hajafika huko, gharama ndiyo inamzuia, pamoja na chupa. Chupa zake ni zile za divai ya ng'ambo zilizookotwa baada ya harusi, kila moja na shingo yake, na vizibo haviingii sawa.

Restora moja ndogo ya Ibanda imekubali kujaribu. Siku ya posho ya nne nilikuwa pale mchana: glasi ndogo ya kasiksi ya siku ya pili na sambaza, marakuja na vipande vitatu vya fromaji, nanasi kwa waliochukua sombe. Meza moja ilirudisha marakuja bila kugusa fromaji, ikasema ni chachu. Meza nyingine iliagiza mara ya pili. Mwenye restora alitaka kujua kama mama anaweza kuleta kasiksi ya siku ya pili kila posho bila kukosa, maana mteja aliyeonja hiyo hatakubali ya tatu. Walipiga hesabu kwa vidole: kukamua siku ya nne ili iwe tayari posho, na ndizi ziingie shimoni siku ya yenga. Mama alitoka hapo moja kwa moja kwenda bandari kuulizia mashua ya Idjwi ya kesho yake asubuhi.